Tobo la Chumba cha Nyuma

Zege si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mafundi kule saiti, kwenye ujenzi, siku alipobishana na msimamizi mpaka zege likakauka kwenye karai na likabidi livunjwe kwa nyundo. Yeye ni saidia fundi. Anachanganya mchanga na saruji, anabeba matofali, anapanda ngazi na karai kichwani, na mdomo wake hauna breki. Wanaume wenye vifua kama milango wanampisha. Hawaogopi mikono yake, wanaogopa ulimi.

Lakini ulimi haulipi kodi. Asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya baraza la nyumba aliyohama, akidai amana yake, ile pesa unayomwachia mwenye nyumba ukiingia ili akurudishie ukitoka kama hujaharibu kitu. Na pesa hiyo ilikuwa na pa kwenda. Kuna chumba kimepatikana mtaa wa juu, kikavu, kina madirisha pande mbili, na mwenyewe ameshasema: asipoiona pesa mpaka mwisho wa wiki, anampa mwingine. Mtoto wa Zege ana pumu. Kwa sasa analala kwa dada yake Zege, na dada huyo anauza chakula, jiko lake la mkaa halizimwi. Mtoto anakohoa mpaka anashika ukuta.

Aliyekaa barazani, mguu juu ya mguu, ni Bosi Mdogo. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Mzee alipofariki, kijana akashika funguo, na hata arobaini haijapita akamwambia Zege ahame, chumba anakihitaji mwenyewe.

"Rangi," akasema, macho kwenye simu. "Kitasa. Na ukuta. Ukuta ndiyo umekula yote."

"Ukuta umekula? Una meno?"

"Umetoboa ukuta wa watu, dada. Chumba changu cha nyuma kina tobo la dirisha ambalo halikuwepo. Kuliziba ni gharama."

"Chumba chako tangu lini? Wakati tunatoboa, kilikuwa cha baba yako. Na aliyeshika tindo ni baba yako."

"Basi mwite aje aseme."

Wa kuitwa yuko kaburini.

Lakini ni kweli, mzee ndiye aliyeshika tindo. Chumba kile kilikuwa kama pango, mlango mmoja, hewa imelala. Usiku mmoja mtoto alibanwa kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, na asubuhi Zege akaenda kumwomba mzee ruhusa. Mzee hakuuliza mengi. Alivua shati, akachukua tindo, wakapokezana nyundo, yeye na Zege, mpaka mwanga ukaingia. Mke wake ndiye aliyekuwa anawaletea maji ya kunywa. Karatasi hakuna, nani aandike? Mzee alisema tu, "Ukuta ni wangu, na tobo ni langu." Maneno yake ndiyo yaliyokuwa mkataba, na sasa ameondoka nayo.

Lakini mkewe yupo. Siku ile alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, khanga begani, anachambua mchele. Zege akamgeukia.

"Mama, wewe ulikuwepo. Mwambie mwanao."

Mama mwenye nyumba hakuinua kichwa. Vidole vikaendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Mambo ya nyumba anaongea mwenyewe, mwanangu."

"Sikuulizi mambo ya nyumba. Nakuuliza uliona au hukuona?"

Mama akatupa jiwe la mchele uani. Bosi Mdogo akatabasamu kwenye simu yake. Na Zege, damu ikiwa imeshapanda kichwani, akatoa neno ambalo mtu hamwambii aliyelingana na mama yake.

"Kumbe umezeeka bure."

Vidole vya mama vikasimama. Zege akaondoka, na alipofika kona ya mtaa lile neno lilikuwa tayari linamchoma, ila miguu yake haijui kurudi nyuma.

"Hasira zako zitakuzika," dada yake akamwambia jioni, akipepea jiko. "Umeenda kudai pesa, umerudi na dhambi."

"Yule mama ananijua. Anamjua mtoto."

"Anakujua, ndiyo. Ila anakula kwa nani? Mwenye kula kwa mtu hamsemi mwenye sufuria."

Ndani mtoto akaanza kukohoa. Wote wawili wakasikiliza, jinsi unavyosikiliza mtu anayepanda ngazi mbovu, mpaka kikohozi kikatulia. Dada akasogeza jiko karibu na mlango, kama vile moshi unaelewa.

Zege akakaa anafikiri. Tobo ndilo kosa? Sawa, nitaliziba. Wanataka ukuta, nitawarudishia ukuta, halafu tuone pesa itajificha wapi. Kesho yake akamwomba msimamizi wa saiti matofali yaliyomeguka na saruji iliyobaki chini ya mfuko. Msimamizi alimpa haraka kuliko kubishana naye.

Jumapili akaingia uani akisukuma toroli. Wapangaji walikuwa wanafua, wakaacha.

"Nimekuja kuziba tobo lako," akamwambia Bosi Mdogo. "Nikimaliza, unanipa pesa yangu. Sema mbele za watu."

Bosi Mdogo akacheka. Hakuna anayekataa fundi wa bure. "Ziba. Ukiacha hata ufa, hupati kitu. Mmesikia wote."

"Tumesikia," akajibu mpangaji mmoja, povu mikononi. "Tena vizuri."

Zege akabeba karai, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma kwa bega. Alijua atakuta chumba kitupu.

Akakuta kitanda. Kitanda chembamba, kimesogezwa mpaka chini ya dirisha, na juu yake amekaa mama mwenye nyumba. Chupa za dawa zimepangwa kwenye kizingiti cha lile tobo. Nguo zake zote zilikuwa kwenye sanduku moja. Chumba chake cha mbele, alichozalia watoto, kimeshapangishwa kwa kinyozi. Zege alikuwa amepita mbele ya mlango wa kinyozi huyo na hakujiuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuziba."

"Sikujua ni chumba chako."

"Hata mimi sikujua." Mama akaanza kuondoa chupa za dawa, moja moja. "Kifua cha mtoto kinaendeleaje?"

Zege akatamani angetukanwa. Angejua la kufanya.

"Si kizuri. Kwa dada kuna moshi."

"Basi ziba. Mtoto kwanza."

"Mama, lile neno la siku ile..."

"Lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliuma. Fanya kazi yako, saruji isikugandie."

Zege akafanya. Akalowesha ukingo, akatandika udongo wa saruji, akaweka mstari wa kwanza. Mikono inajua kazi yake hata moyo ukigoma. Akaweka mstari wa pili. Kila tofali lilipokaa, mwanga ukapungua kitandani, kivuli kikapanda kutoka magotini kwa mama mpaka kifuani, kisha shingoni. Vumbi likajaa. Mama akakohoa, akaziba mdomo kwa khanga asisikike, na kikohozi kile kilichofichwa ndicho kilichomshinda Zege, kwa sababu mtoto wake naye hukohoa hivyohivyo akiona mama yake amechoka.

Akashusha mwiko. Akatoka nje, mikono imejaa saruji.

"Njoo umalizie mwenyewe," akamwambia Bosi Mdogo. "Mimi nimeshindwa kumzika mama yako akiwa hai."

Wapangaji wakasogea karibu.

"Ukishindwa, pesa hakuna," akasema Bosi Mdogo, ila sauti ilikuwa imepungua. "Mliahidiana na marehemu. Mimi simo."

"Nilikuwepo mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, vumbi kwenye nywele. Hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayesoma kitu kwa mbali.

"Baba yako ndiye aliyetoboa. Mimi niliteka maji. Alisema tobo ni lake. Nilinyamaza kwa sababu nalala kwako na nakula kwako. Sasa nimeona hata nikinyamaza napelekwa chumba cha nyuma. Mpe mwenzako pesa yake."

"Mama, ingia ndani."

"Nitaingia. Mpe kwanza."

Wapangaji walisimama tu, nguo mbichi mikononi, maji yakichuruzika. Bosi Mdogo akawatazama mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kucheka naye, hakumpata. Akaingia ndani, akatoka na pesa.

"Nimekata kitasa."

"Kata," Zege akasema. "Kitasa nilikivunja mimi, kwa hasira zangu. Hicho ni halali yako."

Akarudi chumbani kabla saruji haijashika, akabomoa mistari yake, akafuta ukingo kwa kitambaa, akarudisha chupa za dawa kama zilivyokuwa. Mama alikuwa amerudi kitandani.

"Twende kwenye chumba changu kipya, mama. Hata siku mbili tatu."

"Nikitoka humu sitarudi, na wewe unajua. Nenda. Asije akabadilisha mawazo."

Zege akapakia matofali kwenye toroli, akalisukuma mpaka nje. Geti likafungwa nyuma yake, na hajafika mbali akasikia sauti ya Bosi Mdogo ikianza kupanda. Unaniaibisha mbele ya wapangaji. Unanivua nguo. Ya mama haikusikika kabisa.

Pesa ilikuwa kifuani, imefungwa kwenye leso. Mwenye chumba anasubiri, mtoto anasubiri. Zege wa siku zote angerudi na nyundo akapiga geti, na mwisho wa yote mama ndiye angelipia. Alilijua hilo. Akasimama akipumua.

Kisha akamwaga matofali, akapindua toroli palepale, chini ya ukuta wa chumba cha nyuma, akakaa juu yake, akachukua tofali la kwanza na kuanza kulibandua saruji kwa nyundo. Ko, ko, ko. Taratibu, kama mtu mwenye siku nzima, ili ndani wajue yupo.

Ndani sauti ikasita. Geti likafunguka kidogo.

"Bado uko hapa?"

"Nasafisha matofali, kaka. Ni ya watu, lazima yarudi safi."

"Kayasafishie kwenu."

"Hapa ni barabarani. Barabara bado hujaipangisha."

Bosi Mdogo akamtazama. Mpangaji mmoja akatoka na ndoo, akamwaga maji polepole, akabaki amesimama hapohapo. Geti likafungwa. Zege akatega sikio. Hapakuwa na sauti tena, ila kikohozi cha mama kupitia dirishani, kisha kijiko kikigonga chupa ya dawa.

Akachukua tofali jingine. Alilisafisha polepole kuliko la kwanza.