Mkono Kwenye Swichi

Mie kutia chumvi nimezaliwa nako, kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Watu wa Fittja, mtaani kwetu hapa Stockholm, wananijua: theluji niliyoizoa mimi ilifika ghorofa ya tatu. Lakini kuna uongo wangu mmoja, nikiukumbuka kwenye treni, navuta kofia nafunika uso.

Nilikuwa mtunza ukumbi wa Wayahudi mjini. Kazi yangu viti, sakafu, taa. Desemba moja walikuwa na Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa: siku nane, kila siku wanaongeza mmoja. Siku ya nane ndiyo yenyewe. Mwaka huo wakawaalika viziwi wao, wakaleta na mkalimani wa lugha ya alama, binti mwembamba, vidole vyake vina kasi kuliko cherehani.

Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja kiziwi. Mkalimani akaniambia, "Huyu tangu mtoto anakuja sikukuu hii kutazama midomo ya watu inachezacheza tu. Leo baraka ataisoma yeye mwenyewe, kwa mikono. Mara yake ya kwanza."

Akanifundisha pia kwamba viziwi hawapigi makofi, wanapunga mikono juu. Nikajiona profesa.

Saa kumi jioni, nje giza totoro, ndivyo Desemba ya huku. Watu kama elfu kumi. Haya, sitini. Mwimbaji wao wa sala akasimama kwenye mishumaa, mmoja wa kuwashia wenzake umeshawaka mkononi, bibi pembeni yake, katutazama sote, kakunja mikono ya sweta. Mie huku nyuma nikawaza: mishumaa na taa za dari, wapi na wapi? Hakuna aliyenituma. Nikazima zote.

Ukumbi mzima, "Aaah!" Wale wanaosikia, lakini. Mwimbaji kawapa watu mgongo, anamaliza baraka yake, anawasha mishumaa mmoja mmoja, hana habari. Mara naona kwenye mwanga wa mishumaa mikono ya viziwi iko juu, inapunga, inapunga. Nikajua nashangiliwa! Nikainama, mkono kifuani, kama bwana harusi. Nikainama na mara ya pili.

Mkalimani akaja mbio, kaangusha viti viwili. "Washa! Hawaoni mikono yake! Washa!"

Nikawasha. Mishumaa yote minane ilishawaka. Na baraka kwao husomwa kabla ya kuwasha. Ikipita, imepita mpaka mwaka mwingine. Bibi alikuwa palepale, mikono hewani, hajamaliza.

Mama aliyesimamia sherehe akauliza kwa upole tu, "Nani kazima?"

Ulimi ukanitangulia. "Umeme umekatika, mama."

Watu wakatazamana. Hapa Stockholm wapo waliozeeka bila kujua giza la umeme kukatika.

Mkalimani, ndiyo kazi yake, akautafsiri uongo wangu kwa mikono, neno kwa neno. Bibi akautazama mpaka mwisho. Akajibu taratibu, wala hakukunja uso. Mkalimani akanigeukia.

"Anasema: mwambieni niliuona mkono wake kwenye swichi. Mimi maisha yangu yote natazama mikono ya watu."

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Umeme umekatika? Stockholm? Baba watoto, si bora ungesema kapita simba!" Nami nikacheka. Maneno ya bibi sikumwambia. Hayo nayasema leo.

Mwaka uliofuata nilibandika karatasi kwenye swichi: HAIGUSWI. Nikawasha taa zote, mpaka za chooni. Alama ya samahani nilishafundishwa na mkalimani, nimeifanyia mazoezi mwezi mzima kwenye kioo cha lifti, majirani wakaniona nimerukwa na akili.

Bibi akaja, anatembea polepole zaidi. Akaisoma baraka yake yote, mikono inang'aa kwenye mwanga. Ukumbi mzima, wanaosikia na wasiosikia, ukapunga mikono juu. Akatabasamu, macho yake yakazunguka ukumbi, yakanifikia mie kule nyuma, yakatulia.

Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Ikabaki humohumo.