Wimbo wa Baba kwenye Kompyuta ya Kibeta

Mpiga kinanda wetu alipojitolea kuuingiza wimbo wa baba kwenye kompyuta bila malipo, nilimshuku palepale. Mtu wa Kibeta, ana migomba yake, ana watoto, ana misa kila Jumapili, halafu apate muda wa kuchapa nota za mzee wa Muleba? Nyimbo huibwa hivihivi: unabadilisha mahali pawili, unaandika jina lako juu, kesho zinaimbwa jimbo zima kama zako. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baba ametunga nyimbo nyingi, ila huo ndio pekee unaoimbwa bado na kwaya ninayoifundisha Kitendaguro. Sikio lake moja limeshakufa. Nilitaka wimbo ubaki na jina lake kabla sikio la pili halijafuata. Karatasi yake ya solfa, nota za do-re-mi kwa mwandiko wake, ilikuwa kabatini kwangu na hakuna aliyeitumia, maana wimbo wote tunaujua kwa kichwa. Mpiga kinanda sikumpa. Nilimtumia sauti tu ya kwaya, niliyoirekodi kwa simu, nikajiona mjanja.

Aliponirushia kazi yake nikaitoa karatasi nilinganishe. Kwenye neno "milele" baba aliandika nota, kisha vistari: shikilieni, msirudie, mpaka ngoma inyamaze. Kwenye simu, sauti ya kompyuta ikapiga akodi, nota nne kwa pamoja, ikaipiga tena, na tena, kama mtu anayebisha hodi. Na mahali pa jina la mtunzi palikuwa peupe. Nikasema, si nilijua!

Nilikwenda Kibeta kwa bodaboda, hasira imenijaa.

"Umeubadilisha wimbo wa mzee."

"Karibu kwanza, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, akanipa kahawa za kutafuna kama afanyiwavyo mgeni. Nilizitia mfukoni.

"Na jina la mtunzi?"

"Nilikuachia uliandike mwenyewe. Nota nimeandika mlichoimba, dada. Sikiliza."

Akafungua ile rekodi yangu. Kweli, kila ngoma ilipolia, kwaya yote iligonga nayo: le, le, le. Hakuna aliyeshikilia.

Sikuridhika. Huenda hata rekodi ameichezea, niliwaza. Nikamwambia nitaandika mwenyewe, yeye aelekeze na mikono aiweke mbali. Akacheka, akanipisha kiti. Unachagua nota, unabofya alama ya upinde, na nota inaungana na inayofuata. Nikabofya, tukasikiliza. Sauti ya juu ilishikilia vizuri, lakini chini yake zote zikaendelea kugonga.

"Unaona? Ndiyo mitego yako," nilisema.

"Umeifunga sauti ya kwanza peke yake. Akodi hiyo ina nota nne, kila moja inataka upinde wake."

Nikazifunga zote, nikaandika jina la baba kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha wimbo. Hakubisha. Hilo nalo lilinitia wasiwasi njia nzima.

Jumamosi nikapanda basi la Muleba. Baba alikuwa amekaa nje, karibu na kahawa zilizoanikwa. Nikamwekea simu kwenye sikio linalosikia, nikamkazia macho, maana yeye ndiye angejua kama kuna kilichochezewa. Ilipofika "milele" akodi ilitoka ikakaa, ikakaa, haikukatika. Akafumba macho.

"Tata, ndivyo?"

"Ndivyo nilivyoutunga. Rudia."

Nikarudia. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono wake umeshika wangu pamoja na simu.

"Sikuwahi kuusikia hivi," alisema.

Nikaanza kumweleza habari za ngoma, kwamba nami nilifundishwa kwa kusikia, kwamba hatukuwahi kuitazama karatasi.

"Nilidhani ni wewe uliyeona haupendezi, ukawafundisha kuukata," alisema baba. "Nikanyamaza. Ningemshtaki nani, na wewe ni mwanangu?"