Philomena Mokami, Aliyezunguka Mpaka wa Itongora

Alizaliwa mwaka 1941, wakati wa mavuno ya mtama, chini ya mgongo wa Itongora, upande wa Tarime. Wazazi wake, wakulima wa Kikurya, walimwita Mokami. Philomena ni jina alilopewa alipobatizwa akiwa msichana mkubwa. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, na mwaka 1972 paroko akamteua kuwa katekista.

Ili kumwelewa, inafaa kwanza kuijua parokia yake. Itongora ni mgongo mrefu wa mawe makubwa, na mpaka wa parokia umepita juu yake. Mvua inayoanguka kaskazini huteremkia mto Mori; ya kusini huenda Mto Mara. Chini yake kuna mashamba ya mihogo na mtama yaliyozungushiwa mikonge, na upande wa kusini kuna chemchemi iliyonywesha vigango, yaani jumuiya ndogo za parokia, vyote vya karibu. Kila mwaka kabla ya kupanda, Mokami aliuzunguka mpaka wote kwa miguu akisali rozari, akipiga magoti penye kila chemchemi na kila kivuko ili kuziombea mbegu.

Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Kwa Wakurya mtu hazunguki mpaka bure: wazee wa mila huuzunguka kwa siri, wakifukia dawa ya kuulinda ukoo. Mwanamke afanyaye hivyo hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 1991 dhahabu ilipoonekana Itongora, wachimbaji wakamiminika kutoka Mugumu, Sirari na kwingineko, na shaka ikapata sababu mpya. Ilisemwa kwamba anajua mwamba wa dhahabu unakopita. Kisyeri, mkuu wa shimo refu kuliko yote, aliweka watu wa kumfuatilia. Kila alipopiga magoti, walirudi wakachimba.

"Shikamoo, mama katekista," walimtania. "Leo umeokota gramu ngapi?"

"Marahaba. Miiba tu, wanangu. Iko miguuni, njooni mchimbe."

Masika ya 1993 mvua ilikuwa nyingi, lakini chemchemi ya kusini ikapungua. Wakati huohuo, upande wa pili wa mgongo, kuta za shimo la Kisyeri zilianza kutoka jasho. Mokami akatambua kwamba maji yamegeuka na kuingia ndani ya kilima. Akaenda kumwonya.

"Watoe watu wako, Kisyeri. Kilima kimekunywa maji."

"Tukitoka sisi, nani ataingia? Kaka zako?"

"Hataingia mtu."

"Basi kula kiapo cha mila mbele ya wazee kwamba huitaki dhahabu yetu."

Alikataa, kwa kuwa imani yake haikumruhusu. Na katika nchi ile, kukataa kiapo ni sawa na kukiri.

Asubuhi ya tarehe 21 Aprili alipanda hadi mdomo wa shimo, akaokota jiwe, akalifunga kwenye pindo la kanga, akashuka mbio. Hakusema uongo, hakusema neno lolote. Mvuta kamba aliyekuwa pale juu akawapigia kelele waliokuwa chini kwamba mama amepata. Wakapanda wote, kwa maana hakuna aliyekubali kubaki nyuma akapunjwa. Walimkamata kwenye kivuko. Kisyeri alimpiga kichwani kwa mpini wa sururu, akafungua pindo: jiwe la kawaida, kama yaliyojaa mlimani. Kisyeri alikuwa bado amelishika pale mgongo wa Itongora ulipodidimia na kulifunika shimo.

Mokami, akiwa amelala chini, akauliza, "Mmetoka wote?"

Wakatazamana. "Wote, mama," mmoja akajibu.

Alifariki kabla jua halijatua.

Wapo wanaosimulia kwamba maji ya chemchemi huponya macho. Hilo halijathibitishwa, wala haijulikani kama Mokami alikusudia kuwatoa wachimbaji shimoni kwa tamaa yao wenyewe. Waumini huuzunguka mpaka kila mwaka. Anayetaka kumwiga aijue kwa miguu yake ardhi ya majirani zake, na avumilie kudhaniwa vibaya.

Kuhusu Kisyeri, lililothibitishwa ni hili. Siku ya mazishi alikuja peke yake, akasimama kando ya jeneza mbele ya kaka za marehemu, waliokuwa wameshika marungu, akasema, "Aliyempiga ni mimi." Kisha akaketi chini akawangoja polisi.