Uso Wangu Ulivyokataliwa Bombo

Nianze kwa kukiri, mcheke mapema tumalizane: mimi ndiye yule msichana aliyekutwa na shangazi wa mchumba wake akiwa ametumbukiza uso mzima kwenye sufuria ya maziwa ya mgando ya wazee. Sikuwa nimelewa, sikuwa na mashetani (ingawa mama mmoja pale alipendekeza niombewe), na njaa pia sikuwa nayo. Nilikuwa na chunusi na nilikuwa na haraka, basi.

Chunusi nimeishi nazo tangu kidato cha pili, na nilidhani nikimaliza shule zitabaki shuleni, wapi, zilinifuata mpaka kazini zikapanga mashavu yote mawili na kidevu. Ngozi yangu yenyewe ni ya kudeka, nyumbani wakibadilisha sabuni mimi najua kwa mashavu kuwasha kabla sijaiona. Na Same nzima kila mtu ana ushauri wake. Nimepaka asali, nimepaka limao, nimepaka mshubiri, nimelala na dawa ya meno usoni kama niliyechorwa, na jirani mmoja akanishauri mkojo wa asubuhi, hapo nikasema hapana (baada ya kufikiria siku mbili).

Sasa mwaka huu nikapata Eliamini. Eliamini anafunga sola, anatembea na ngazi kwenye pikipiki, na alikuja kutoa kopi pale steshenari ninapofanya kazi, karibu na stendi, akatoa kopi ya kitambulisho kilekile mara nne kwa wiki moja mpaka nikamuuliza hizo kopi anazila. Ndivyo tulivyoanza. Ikafika siku akaniambia Jumamosi ya wiki ya pili tunapanda Bombo, kwao mlimani, wazee wake wanataka kuniona. Kwao kuonwa si mchezo, ukoo unakaa, wewe unaulizwa, unatazamwa, na usipopita unarudi kwa njia uliyojia. Mchumba wa kwanza wa kaka yake alirudishwa kwa sababu alimaliza kula kabla ya baba mkwe. Nilimpenda Eliamini, nasema wazi, nilimpenda mpaka nikawa naogopa, na nikaona sitaacha vipele vinikoseshe mume.

Nikaenda duka la dawa. Dada wa pale ana ngozi nyororo isiyo na hata doa (nadhani huwa wanawachagua makusudi), akaniuliza ngozi yangu ikoje, ina matatizo na vitu vya kupaka? Nikasema kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo mama wa balaa lote. Akanipa jeli kwenye tyubu ndogo, akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto: jaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya siku mbili tatu, ikikubali paka kiasi cha punje ya njegere uso mzima, usiku mmoja upake usiku mmoja upumzike, jua ulikwepe, ikichoma sana acha urudi uniambie, na usitegemee kitu kabla ya wiki sita hadi nane. Mimi wiki nane sikuwa nazo, nilikuwa na siku kumi na moja.

Nikafika nyumbani nikapiga hesabu. Kama punje ya njegere inamaliza kazi kwa wiki nane, basi kijiko kitamaliza kwa siku kumi. Hesabu shuleni nilipata F, lakini hii niliiona imekaa vizuri kabisa. Nikapaka asubuhi, nikapaka jioni, nikasugua. Siku ya pili foronya yangu ya bluu ikatoka mabaka meupe pale ninapolaza shavu, na mtu mwenye akili timamu angeogopa, mimi nikafurahi, nikasema dawa yenye nguvu ya kumaliza foronya itashindwaje na chunusi.

Siku ya nne uso ukaanza kuwasha. Siku ya sita ukakaza mpaka kucheka kukawa kazi ya kupangia muda. Siku ya nane ukaanza kuchubuka, magamba yanadondoka juu ya kopi za wateja napuliza, na mimi bado napaka, maana nilijiambia dawa chungu ndiyo inayoponya. Na kweli, kufikia Ijumaa chunusi zilikuwa zimeondoka, ila ziliondoka na ngozi. Uso ulikuwa mwekundu, una mng'ao kama ngozi ya mtu aliyeungua kwa mvuke, na mabaka mengine yamepauka. Eliamini alinitazama akaniuliza kama naumwa, nikamwambia huu ndio uso wenye matunzo, akarudi kukaza kamba ya ngazi yake. Ningempenda zaidi kama angenibishia.

Jumamosi nikapaka poda, nayo poda haikubali kukaa kwenye magamba, nikaongeza, ikakataa, nikaongeza. Tukapanda basi la Gonja mpaka chini ya mlima, kisha bodaboda, vumbi jekundu likaja likakaa juu ya poda kwa raha zake, tulipofika Bombo nilikuwa na tabaka tatu usoni na hakuna hata moja ya kwangu.

Nikaamkia wazee, shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo mjomba, wakaitikia marahaba huku wanatazamana. Mama mkwe alikuwa mkarimu, akanipeleka jikoni, na jikoni kwa Wapare wa huku juu hakuna chai bila tangawizi, na mgeni wa namna yangu anapimwa hapohapo. Akanipa kinu na lundo la tangawizi mbichi, imetoka shambani asubuhi ile. Nikatwanga kwa bidii zote, nataka waseme huyu binti ana mikono. Jiko la kuni linawaka, moshi, jasho likaanza kunitiririka kwenye poda, na mimi bila kufikiri nikajifuta shavu kwa kiganja chote. Na shavu la pili. Na kidevu.

Ndugu zangu, nimewahi kuungua na mafuta ya maandazi, nimewahi kuumwa na nyuki kope, ile ilikuwa kitu kingine. Sikupiga kelele kwa sababu sebuleni mjomba alikuwa anaomba sala ya kufungua kikao na nilisikia kabisa amefika kwenye shukrani. Nikazunguka jikoni natafuta maji, ndoo tupu, mama mkwe ametoka kuyachota, na pale kwenye kona pakawa na sufuria kubwa yenye mfuniko, nikafunua, maziwa ya mgando, ya baridi, mazito, mazuri. Nikazamisha uso mpaka masikioni. Raha niliyoipata pale siwezi kuieleza mbele ya watu wanaoheshimika.

Nilipoinua kichwa kupumua, mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi mwenye miwani, kilemba kimekaa sawa, ananitazama bila kupepesa. Nikamwambia shikamoo shangazi, maziwa yananidondoka puani. Hakuitikia. Alitazama sufuria, poda yangu inaelea juu pamoja na vumbi la barabarani, akasema tu, "Nawa uso uje sebuleni."

Nikanawa. Nikaingia sebuleni nimebaki na uso wenyewe, mwekundu, umechubuka, umevimba kwa tangawizi, mbele ya wazee saba na Eliamini aliyekuwa anatazama miguu yake. Shangazi akanisogeza dirishani kwenye mwanga, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, taratibu, kama anachambua maharage. Kisha akamgeukia baba mkwe.

"Kaka, huyu siye niliyemwona Same."

Kumbe. Kumbe kabla ya msichana kuletwa, ukoo humtuma mwanamke mmoja akamwone kimyakimya, bila mwenyewe kujua, na aliyetumwa kwangu alikuwa shangazi. Alikuja steshenari miezi miwili nyuma akajifanya mteja, akakaa kwenye benchi karibu saa nzima, akarudi akatoa taarifa mbele ya kikao: binti mchapakazi, anasalimia watu, mdomo anao ila si mbaya, na alama yake ni chunusi, mashavu yote mawili na kidevuni. Neno la shangazi ndilo lililonipandisha mlima. Na mimi nikaja bila hizo chunusi.

Eliamini akasimama akaapa kwamba ni mimi. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema mambo mawili.

"Kama siye, mmetudanganya. Kama ndiye, amejichubua kwa mkorogo, na mke wa mkorogo sisi hatuchukui."

Nikaona kabisa Eliamini ananiponyoka. Aibu ya maziwa ikawa ndogo. Nikapiga magoti pale kwenye zulia, nikawaeleza wazee saba wa watu, wanaume watano na wanawake wawili, habari za chunusi zangu kuanzia kidato cha pili, na nikatoa tyubu na kikaratasi chake kwenye mkoba kama ushahidi. Mjomba ni mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akakunjua kile kikaratasi kirefu, akaanza kukisoma na kututafsiria kwa sauti ileile ya kusomea somo la pili kanisani.

"Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi. Ulijaribu?"

Nikasema hapana, mjomba.

Akaendelea. Paka kidogo, ulipaka kidogo? Hapana, mjomba. Ngozi laini ianze kwa kuruka siku, uliruka? Hapana, mjomba. Usipake zaidi ukidhani utapona haraka, na hapo alinitazama juu ya miwani, maana waliokiandika kile kikaratasi ni kama walikuwa wananijua. Ikiungua acha. Uliacha? Kila swali wazee wanatingisha vichwa, na mimi ni hapana, hapana, hapana, kama ubatizo unaokwenda kinyume. Kisha akafika mahali akasoma kwamba dawa inaweza kuondoa rangi, na shangazi akapiga kofi paja lake akasema si nilisema. Mjomba akainua kidole, akamalizia sentensi: ya nguo na nywele. Wote wakatazama kola ya kitenge changu kipya, na kweli, ilikuwa imetoka mabaka meupe pande zote mbili. Kitenge nilikishona kwa ajili ya siku hiyo.

Baba mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu niingie, akaniuliza hizo chunusi zilikuwa zinauma. Nikasema siyo sana, baba.

"Sasa zilikukosea nini?"

Nilianza kulia, na machozi nayo yana chumvi, yanachoma, nikawa nalia huku napepea uso.

Hukumu ikatoka kabla ya chai. Mkorogo nimefutiwa, mjomba ameridhika. Lakini shangazi akashikilia kwamba yeye alitumwa kuona uso, akaona uso, na hawezi kusema mbele ya ukoo kwamba ameona asichokiona. Kikao kikaahirishwa. Nikaambiwa nishuke, niache kupaka, nirudi nikiwa na uso wangu.

Tulipokuwa tunashuka Eliamini aliniambia ni yeye aliyemwelekeza shangazi siku ile: ukifika karibu na stendi mtafute mwenye chunusi na mdomo mrefu, huyo ndiye wangu. Niliumia, kisha nikafikiria vizuri nikaona kwamba kumbe huyu mtu miezi yote alikuwa ananiona vizuri tu, na mimi ndiye niliyekuwa naona aibu kwa niaba yake. Nikalia tena, upya, safari hii kwa furaha, na ikachoma vilevile.

Kilichofuata sijui kama kuna msichana mwingine amewahi kukifanya. Nilirudi kwa yule dada wa duka la dawa, akanigombeza kwa adabu, akanipa mafuta mazito yasiyo na harufu, akasema nipumzike kila kitu mpaka ngozi itulie. Nikawa naamka asubuhi nakimbilia kioo kutafuta chunusi, naomba kwa Mungu anirudishie nilizomwomba aniondolee miaka kumi, wala sikuona haya. Wiki ya tano ikatokea moja, kubwa, nyekundu, katikati ya kidevu. Niliishangilia mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nikaipiga picha, na mimi ambaye sijawahi kutuma picha bila filta tangu ninunue simu nikaituma ilivyo kwa shangazi. Zikapita saa mbili sijiwezi. Jibu likaja maneno matatu: "Anaanza kufanana. Njooni."

Tukapanda. Shangazi akanipeleka palepale dirishani, akanishika kidevu, zilikuwa zimefika saba, akazihesabu kwa sauti mbele ya wazee wote, moja, mbili, tatu, na mimi nimesimama nimenyoosha shingo kwa fahari kama napewa cheti. Alipofika ya saba akasema ndiye, na baba mkwe akasema chai iletwe.

Kwa hiyo kiapo changu ni hiki, na mnishuhudie: nikiambiwa njegere nitapaka njegere, karatasi ya dawa nitaisoma mpaka mstari wa mwisho, na mtu akiniuliza ngozi yangu ikoje sitasema kidogo, nitakaa nimweleze. Harusi ni Desemba. Dada atakayenipamba nimeshamwonya afunike chochote anachotaka, ila ile ya katikati ya kidevu aiache kama ilivyo, maana shangazi atakaa kiti cha mbele.