Breka ya Ncha Mbili

Mke wangu alinitumia picha ya sanduku la umeme la nyumba yake Jeddah, na kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa umeme. Kilikuwa mkono wa mwanamume ulioshika tochi, kucha zimekatwa vizuri, saa ya chuma kwenye kifundo. Ulikuwa mkono wa jirani wa ghorofa ya chini, fundi viyoyozi kutoka Mombasa, ambaye kwa wiki mbili nilikuwa nikisikia habari zake kwenye simu zaidi kuliko habari za mke wangu mwenyewe.

Mimi nilikuwa Riyadh, mtunza stoo ya vipuri katika kampuni ya matengenezo ya majengo. Mke wangu alikuwa muuguzi mwenye mkataba wake, ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, na kafili wake, mdhamini wa kazi, na chumba na sebule mtaani Al-Nuzha, Jeddah. Tulionana nilipopata likizo. Umeme sikuusomea darasani. Niliusoma kwenye vitabu vya mitumba, kwenye karatasi za maelezo zilizomo ndani ya maboksi ya stoo, na kwenye madaftari niliyoyajaza mwenyewe. Katika ndoa yetu, chochote chenye waya kilikuwa changu. Hata nikiwa mbali nilimwelekeza kwa simu, naye akakaza skrubu na kunisomea rangi za nyaya. Zilikuwa saa zetu nzuri.

Soketi ya nyuma ya kitanda ilipoungua na kuacha doa jeusi ukutani, mimi ndiye niliyemwambia tuweke breka za kugundua cheche. Breka ya kawaida hukata umeme unapozidi. Hizi hukata pia zinapohisi waya unatoa cheche mahali pasipoonekana, kabla moto haujashika. Nilikusudia kuzileta mwenyewe. Jirani akazipata huko huko Jeddah na kuzifunga Ijumaa moja, mkewe akiwa amekaa pembeni anabugia karanga. Kila mara nilikuwa nikiambiwa kwamba mkewe alikuwepo, na nilielewa kwa nini naambiwa. Haikunisaidia.

"Ana mkono mwepesi," mke wangu alisema. "Na hachafui."

"Mimi nachafua?"

"Nimekutaja?"

Lakini breka zake hazikutulia. Pasi ikiwashwa tu, zinakata. Jirani alikaza skrubu, akailaumu pasi, kisha akalilaumu friji. Ndipo nikaomba picha.

Niliitazama kwa dakika chache nikaelewa. Breka zilikuwa mbili, kila moja ya ncha moja, na kutoka kwenye bomba la nyaya zilikuja fezi mbili, nyaya zinazoleta umeme, na nyutro moja tu ya kuurudisha. Katika majengo ya zamani mafundi waliokoa waya namna hiyo: saketi ya chumbani na ya jikoni zinakwenda kila moja na fezi yake, zinarudi pamoja kwenye nyutro moja. Breka za aina ile hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Nyutro ikiwa ya pamoja, haulingani kamwe, nazo zinakata bila hitilafu yoyote. Inatakiwa breka ya ncha mbili, inayozisoma fezi zote mbili pamoja na nyutro yao, na kuzizima zote kwa mkupuo mmoja.

Niliandika: "Nyutro ni ya pamoja, mwambie." Nikafuta. Nikaandika: "Nimeona. Nitakuja kumaliza mwenyewe."

Nilitaka zile breka ziendelee kumwaibisha mbele ya mke wangu mpaka nifike.

Kila nilipotoka kazini nilizunguka maduka ya mtaa wa Al-Sulimaniyah. "Mafi," hakuna, walisema wengi kabla sijamaliza kueleza. Mmoja alichukua breka mbili za ncha moja, akaziunganisha vishikio kwa kipini, akanisukumia: "Halas, basi, hii hapa." Vishikio vikiungana, breka bado hazisomani, nikamrudishia. Wiki ya tatu nilipata boksi lililofifia rangi, chini ya rafu. Nilisoma karatasi yake yote nikiwa nimesimama: volti, masafa, na mchoro wa nyutro moja inayohudumia fezi mbili. Nilicheka peke yangu dukani.

Katika wiki hizo mke wangu alinieleza kwamba jirani amerudisha breka za zamani, ili apige pasi sare zake. Nilijua maana yake. Ukizima moja, ya pili inaendelea, na nyutro ile bado inabeba umeme. Nilimwambia asiguse soketi. Sikumwambia kwa nini, na kuhusu jirani sikusema neno.

Siku mbili kabla ya safari yangu mke wangu alipiga simu. Jirani alikuwa amezima breka ya chumbani ili abadilishe ile soketi iliyoungua. Akapima fezi, haina kitu. Akatenganisha nyaya za nyutro, na friji la jikoni bado linafanya kazi. Nyutro ikamtupa kutoka kwenye kigoda. Kifundo cha mkono kimeteguka, kidole gumba kimeungua.

"Anasema hajui umeme ulitoka wapi," mke wangu alisema.

Mimi nilijua. Nikamwambia ampe pole.

Nilipofika Al-Nuzha na breka yangu, jirani alipanda kunishikia tochi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na bendeji.

"Bwana shemeji, hii nyumba yako ina meno!"

"Pole sana."

"Nishapoa. Lakini ningejua nyutro ni ya pamoja ningezima zote mbili. Hiyo ni basic kabisa! Mke wangu ashaanza kuniita fundi wa kubahatisha."

Nilifunga kwa utulivu, kila waya mahali pake. Mke wangu akawasha pasi, friji likaendelea kunguruma, breka ikakaa. Jirani akapiga paja kwa mkono mzima. Huo ndio wakati niliokuwa nikiungoja kwa mwezi mzima.

"Hebu niambie," mke wangu akasema. "Breka hii umeinunua Riyadh. Ulijuaje nyutro ni ya pamoja?"

"Kwenye picha."

Alichukua simu, akaitafuta ile picha, akatazama tarehe. Kisha akautazama mkono wa jirani. Jirani naye aliacha kutabasamu.

"Kumbe," alisema. "Basi shemeji, ungenitumia hata voice note moja."

Akaweka tochi juu ya friji na kushuka kwake.

Mke wangu alipiga pasi sare tatu. Alipomaliza akachomoa waya na kuuzungusha taratibu kwenye mpini.

"Kesho utashuka ukamwombe radhi. Halafu utambebea mashine zake mpaka mkono upone, au likizo yako iishe."

Kesho yake jirani alinipokea mlangoni, akaisikiliza radhi yangu, akanikabidhi boksi la vifaa. Siku sita nilimfuata kwenye majumba ya Al-Hamra, nikapanda ngazi na mashine begani huku yeye akielekeza. Alikuwa fundi mzuri. Kila mlango uliofunguliwa, madam na watumishi walimzunguka kumuuliza mkono unaendeleaje, wakamletea maji baridi yeye kwanza. Nilisimama nyuma na mzigo, nikamwonea wivu hata kwa hilo.