Fadhila na Uji Uliogoma

Gesi ilikuwa inakata. Moto wa jikoni kwa Fadhila, pale kisiwani Kudha, ulikuwa umesinyaa ukabaki wa kubembeleza, na sufuria ya mjukuu wake haijachemka. Uani, binti yake Barke ameshajifunga leso kiunoni, shoka mkononi.

"Naenda mkokoni kukata kuni, mama. Maji bado yamekupwa."

"Huendi!"

Fadhila akisema huendi, imetoka hiyo. Vita vilimtoa kisiwani angali wa kubebwa, akakulia Mombasa, akajifunza huko kutengeneza gesi ya kupikia kwa mabua na samadi. Waliporudi, kabla hajajenga tangi lake la gesi, mdogo wake Safiyya aliingia mkokoni kutafuta kuni. Tope likamshika miguu, maji yakajaa. Tangu hapo Fadhila hakukanyaga kule, na aliapa hakuna wa nyumba yake atakayekanyaga.

Akapanda juu ya tangi, akashika kafi. Uji wa mabua na samadi ulikuwa umekwama mdomoni mwa bomba. Uji huo mkaidi kweli: ukiuacha unakaza, ukiukoroga unalegea, ukiumwagia maji tu, maji hupenya yakapita zake na mabua yakabaki yameshikana pale pale. Alikoroga mpaka mabega yakawaka moto. Uji ukalegea, ukashuka bombani ukigugumia. Alhamdulillahi! Lakini gesi haikupanda, wala povu halikuonekana.

Hofu ikamwingia. Akainua ndoo iliyokuwa kando ya tangi, akaonja tone lililobaki. Chumvi.

"Barke! Nani katia mai ya bahari humu?"

Barke akainama. "Mimi, tangu juzi. Niliona uji hautembei, na mai matamu yamebaki ya kunywa tu. Sikutaka mchu yeyote akuone ukiomba mai kwa jirani."

Vijidudu vinavyotoa gesi vilikuwa vimekufa kwa chumvi ile. Tangi lilitaka kumwagwa na kuanzwa upya, kazi ya wiki na wiki. Fadhila alitaka kufoka, kisha akaitua ndoo. Angemkaripiaje aliyemsitiri?

Ndani mtoto analia njaa. Barke akageuka kwenda mkokoni. Fadhila akashuka mbio, akampokonya shoka, akatangulia yeye mpaka ukingo wa mikoko.

"Mama, wewe huwezi kule!"

"Simama hapa pakavu. Niite jina langu, wala usinyamaze, nisikie pakavu pako wapi."

Akaingia topeni, mwanawe akiita, naye akiitika.