Mabingobingo ya Mama Consolata

Mama Consolata, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kwenye miteremko ya Amani, alipanda mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, nyuma ya banda ili ng'ombe wale. Kosa lake ni kwamba yalistawi.

Bwana mifugo Uweso alipoyaona, alileta bango lililoandikwa "Shamba Darasa", akazungusha kamba pande zote.

"Shikamoo, mama. Kuna mgeni wa mradi anakuja baada ya wiki mbili. Mpaka aje, usikate hata jani."

Wiki mbili zikawa tano. Mgeni alikuwa na kikao, kisha gari likaharibika, kisha mvua. Majani yakampita Mama Consolata kimo, mashina yakakomaa kama mianzi. Yeye akawa anashuka bondeni kila asubuhi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Maziwa yalipungua kutoka lita kumi na mbili hadi tano.

"Uweso, si wewe uliyetufundisha tukate yakifika kiunoni? Yakizidi hapo ni kuni."

"Lile lilikuwa somo, mama. Hili ni onyesho."

Kesho yake Mama Consolata alipita chini ya kamba kwa upande wa bandani, akafyeka katikati, akiacha mistari miwili mirefu iliyotazama barabara. Akamwaga samadi kwenye visiki, na siku zilizofuata akaendelea kukata kipande kwa kipande, kwa zamu. Vipande vya kwanza vilichipua vikafika kiunoni, akavirudia. Maziwa yakapanda. Uweso, aliyekagua shamba akiwa juu ya pikipiki, alizidi kusifu urefu.

Mwezi wa nne tangu bango liwekwe, mgeni akafika, mama mmoja mpole aitwaye Leticia. Uweso alikata bua refu kuliko yote, akampelekea ng'ombe ili apigwe picha akimlisha. Ng'ombe alilinusa, akageuka, akawapa mkia.

Leticia akapenya mwenyewe kati ya ile mistari miwili. Akatazama majani mabichi yaliyopishana kimo.

"Nani amebuni hivi?"

Mama Consolata alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi. Uweso akamtangulia.

"Ni jaribio letu la ofisi," alisema, jasho likimtiririka. "Ukataji wa zamu."

"Na wewe mama, unasemaje?"

"Mimi nilikata majani ili ng'ombe wale."

Leticia alicheka, akaandika. Alichoandika hakikujulikana, ila mwezi uliofuata Uweso alitumwa Morogoro kwa semina ya siku tatu, kuwafundisha wenzake ukataji wa zamu. Mama Consolata alitumiwa kofia ya mradi.

Jirani yake Mathew, aliyekuja kuomba pingili za kupanda, alimwuliza kama hakukasirika.

"Nikasirike saa ngapi," alisema, akiosha chuchu za ng'ombe kwa maji ya vuguvugu. "Sogeza hiyo ndoo."